Sifuri Niliyoandika Bila Kuuliza

Mama Persis mshauri wangu,

Pokea salamu kutoka Kebirigo, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, kwa sababu jambo lenyewe nimelikalia miaka mingi na leo nikianza kulisema sijui kama nitaweza kusimama katikati. Mimi ni mama wa watoto watatu, mume wangu anaitwa Nyakundi, tunakuza majani chai na ndizi kidogo, na wakati wa korona nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa kujitolea, nikapewa boma tisini na mbili za kuzungukia, na nataka unisaidie kabla sijapoteza rafiki yangu wa pekee ama kabla sijapoteza akili, maana moja kati ya hayo mawili naona linakuja.

Kazi ilikuwa hivi. Nesi wa zahanati yetu alinipa daftari kubwa akanifundisha kuzunguka kila wiki nikimuuliza kila mtu mzima ajibu kwa mdomo wake mwenyewe, una joto mwilini, unakohoa, unasikia ladha ya chakula, unasikia harufu, na mtu akisema ndiyo nampeleka apimwe, na majibu yakirudi kwamba ana korona, basi siku ya Ijumaa kabla ya kujitayarisha kwa Sabato naweka kitone kwenye karatasi niliyoibandika ukutani pale kituo cha kupimia majani chai. Karatasi yenyewe ilikuwa mgongo wa kalenda ya zamani, wiki zinakwenda kulia, idadi ya wagonjwa inapanda juu, naunganisha vitone kwa kalamu, na watu wakaupa ule mstari jina, mlima wa Mokeira. Hata wazee wasiojua kusoma walikuwa wanafika na vikapu vyao wananiuliza, "Mokeira, mlima umepanda ama umeshuka?" Nikisema umeshuka wanacheka, nikisema umepanda mtu anaahirisha harusi ya binti yake. Haki niseme ukweli, nilijivuna. Redioni walikuwa wanasoma hesabu ya Kenya nzima, nani angeishika kichwani? Lakini mlima wangu ulikuwa wa watu wa hapa hapa, na waliuamini.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Boma moja kati ya hizo tisini na mbili ni la Mzee Ogoti, baba ya mume wangu. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua chinsoni, ile heshima ya aibu kati ya mkwe na mkwe, mimi siingii mahali anapolala, yeye haingii jikoni mwangu, na mambo ya mwili wake hayatoki mdomoni mwangu hata kwa bahati mbaya. Kila wiki nilikuwa namuuliza mama mkwe, ananijibu kwa niaba ya wote wawili. Ijumaa ya tarehe kumi na moja Juni 2021 nikafika nikakuta mama mkwe hayupo, amekwenda kuchuma majani, mzee yuko ndani, na kabla sijapiga hodi nikamsikia akikohoa. Si kikohozi cha kusafisha koo, Mama Persis, ni kile kirefu cha kumfanya mtu ashike ukuta. Nikasimama pale kwenye migomba nikapaza sauti, "Baba, mmeamkaje?" Akajibu, "Tuko sawa, mwanangu, endelea na kazi."

Nilijua natakiwa kufanya nini. Nilijua kabisa. Lakini nimuulize baba mkwe kama mwili wake una joto, na amelala? Ulimi ukakataa. Nikafungua daftari kwenye mstari wa boma lake, nikaandika sifuri, nikaondoka.

Kesho yake mzee akaenda kanisani, akaketi benchi moja na Mama Kemuma, na baada ya ibada wakasimama mlangoni muda mrefu wakiongea habari za ng'ombe. Huyo Mama Kemuma ndiye aliyemzaa rafiki yangu Nyanchoka, na alinipenda sana, siwezi kukuhesabia mara ambazo nimekula kwake. Hata Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, tarehe saba, tulikuwa tumechuma majani pamoja mpaka saa saba, akanipakulia ugali na chinsaga, zile mboga zetu chungu, alizozipika bila hata tone la maziwa, na Mama Persis, zilikuwa chungu mpaka machozi yakanitoka, naye anakula tu huku anasema, "Mokeira, chinsaga za siku hizi zimepoa, hazina uchungu wowote, nadhani ni hizi mbegu za dukani." Nikamwambia ni uzee. Tukacheka sana, na ndivyo ninavyotaka kumkumbuka, si vile alivyokuja kuwa.

Jumatatu ya tarehe kumi na nne shemeji yangu Bosire akamchukua mzee akampeleka Kisii mjini, majibu yakatoka Jumatano, korona. Mama Kemuma naye alikuwa ameanza kuhema, nesi akamchukua sampuli Jumanne tarehe kumi na tano, ikasafirishwa mbali, majibu yakafika tarehe ishirini na tatu. Kwa hiyo Ijumaa ya tarehe kumi na nane niliweka kitone cha mzee, cha kwanza baada ya wiki tatu tupu, na Ijumaa iliyofuata nikaweka cha Mama Kemuma pamoja na vya watu wengine watatu, ambao namshukuru Mungu walipona wote. Wakati huo makanisa yalikuwa yamefungwa huku kwetu na kafyu inaanza saa moja. Jumapili ya tarehe ishirini na saba Mama Kemuma akatuacha. Tulimzika asubuhi kwa haraka, watu wachache, na mimi ndiye niliyesimama na chupa ya sabuni nikiwazuia watu wasimkumbatie Nyanchoka, mimi huyu huyu.

Mzee Ogoti alipona. Yuko hai, anachuma majani, ananisalimu kwa upole, na kila akinisalimu ananitonesha kidonda. Ile karatasi niliibandua nikaikunja ndani ya daftari, nikalitupa daftari juu ya dari, na kazi ya kujitolea nikaiacha mwaka uliofuata nikasingizia mgongo.

Sasa mwezi ujao Nyanchoka anamwekea mama yake jiwe la kaburi, amelichongesha kule Tabaka kwa wachonga mawe, zuri sana, jina lake limeandikwa pale, na amealika watu wa kanisa na amenipa mimi nafasi ya kuongea. Anasema, "Lete lile daftari na ule mlima, watu waone vile ulituangalia." Ati vile niliwaangalia! Nikamweleza Nyakundi yote kwa mara ya kwanza, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Ng'oa huo ukurasa uchome. Unataka kuleta uadui kati ya boma letu na lao kwa ajili ya sifuri moja?" Nikaushika, nikauvuta mpaka ukapasuka kidogo pale juu, nikashindwa kumaliza. Tarehe zote nilizokuandikia nimezitoa mle ndani, ili uone kwamba sijisingizii.

Je, nichome ninyamaze? Ama nisimame mbele ya lile jiwe niseme ni sifuri yangu iliyomuua mama yao? Ama siku ikifika nijifanye mgonjwa nisiende kabisa? Nisaidie, Mama Persis, nimechoka.

Mokeira,
Kebirigo.


MAMA PERSIS ANAJIBU

Mokeira mwanangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya, vuta pumzi, kwa sababu nimekuletea habari njema na nimekuletea makaripio, na nitatanguliza habari njema ijapokuwa naona ulikuwa nayo mwenyewe juu ya dari miaka yote hii.

Kabla sijaanza kushauri watu gazetini nilikuwa karani wa rekodi za wagonjwa upande wa Ogembo, miaka ishirini na sita. Kazi yangu yote ilikuwa tarehe. Daktari anaweza kusahau uso wa mtu, mimi sikusahau tarehe aliyolazwa. Basi nilipokuwa nasoma barua yako nikafika kwenye chinsaga, nikaweka kikombe cha chai chini. Nikarudi juu. Nikachukua kalamu. Jumatatu ya tarehe saba mmekula kutoka sufuria moja, wewe umetoka machozi kwa uchungu, mwenzako anasema hazina uchungu. Mokeira wee! Si wewe uliyekuwa unazunguka boma tisini na mbili ukiuliza watu kama wanasikia ladha ya chakula? Mbegu za dukani zimeingiaje hapo?

Hesabu pamoja nami, polepole. Tarehe saba, Mama Kemuma hasikii ladha. Tarehe kumi na moja, wewe unaandika sifuri. Tarehe kumi na mbili, anaketi benchi moja na mzee. Sasa nieleze, ameketi na mtu siku ya Sabato, ataambukizwaje ugonjwa uliojitokeza Jumatatu iliyotangulia? Korona ilikuwa na ujanja mwingi, lakini huo wa kurudi nyuma kwenye kalenda haikuwa nao.

Sikutaka kukufariji kwa uongo, kwa hiyo nikampigia simu afisa wa kliniki mstaafu ninayemwamini, nikamsomea tarehe zako zote bila majina. Akaniambia hakuna mtu atakayeapa nani alimwambukiza nani, na kutosikia ladha si cheti cha maabara. Lakini mama ambaye ladha imempotea ghafla mwezi ule, siku nane baadaye anahema, na sampuli yake inaonyesha korona, huyo kwa kila dalili alikuwa ameshaugua kabla ya lile benchi. Nikamuuliza tena ili nihakikishe. Akacheka akasema, "Mama Persis, mwambie huyo mama alale."

Basi lala, mwanangu. Sifuri yako haikumuua Mama Kemuma.

Unajua ni nini kilichokupoteza? Ni mlima wenyewe. Uliweka vitone kwa siku ambazo majibu yalifika, hukuviweka kwa siku ambazo watu walianza kuugua. Mzee alipelekwa mjini, karatasi yake ikatoka kwa siku mbili. Sampuli ya mama ilisafiri siku nane nzima. Kwa hiyo pale ukutani mzee akatangulia na mama akafuata, nawe ukausoma ukuta kana kwamba unakuambia nani kampa nani. Usijione mjinga. Hata sisi makarani tulikosea hivyo hivyo, na wakubwa wetu pia. Watu wa Kebirigo waliambiwa mlima umeshuka wakati wagonjwa wameshaanza kukosa ladha majumbani, na waliambiwa umepanda wakati wengine wameshapona. Mlima ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa unachelewa kufika.

Nawajua akina mama wa kwetu. Sasa hivi umeshaitua hatia ya kwanza na umeshainama kuokota ya pili: "Kumbe dalili niliiona nikaicheka!" Iache hapo chini. Siku hiyo ulikuwa mgeni mbele ya sahani ya mtu, daftari lilikuwa nyumbani kwako, na mama mwenyewe alisema ni mbegu. Na jambo lingine, nisikusikie ukigeuza maneno eti basi Mama Kemuma ndiye aliyemwambukiza mzee. Hilo wewe hulijui na mimi silijui, na marehemu hawezi kuja kujitetea.

Habari njema zimeisha, sasa nisikilize vizuri. Sifuri ile ilikuwa uongo. Haikuua mtu unayemlilia, lakini ilikuwa uongo, na mzee mwenye kikohozi cha kushika ukuta alikwenda kanisani kwa baraka za daftari lako. Wale watatu wengine wa tarehe ishirini na tano, siwezi kukuambia walipata wapi, na wewe pia huwezi, na hiyo ndiyo hasara ya kuandika jibu ambalo hukupewa. Mshukuru Mungu kila siku kwamba walipona, na usiseme ni kitu kidogo.

Tena usinitupie chinsoni usoni. Siidharau hata kidogo. Mimi nimempisha baba mkwe wangu njia miaka thelathini, na alipokufa nilimlilia kutoka mahali panapostahili. Lakini heshima ya kwetu haikuwahi kumzuia mtu kutibiwa, ilimtaka tu mtu mwingine aulize. Mama mkwe alikuwa shambani, mwendo wa dakika kumi, ulishindwaje kumfuata? Nyakundi ni mwana, angemuuliza baba yake bila aibu. Hata na wahudumu wenzako wa kijiji cha pili mngebadilishana boma la wakwe, wewe uende kwa wakwe zao, wao waje kwa wako. Kuuliza si ujinga, na asiyeweza kuuliza hutuma anayeweza.

Na huyo bwana yako anayekuambia uchome ukurasa, mwambie Mama Persis amesema mficha uchi hazai. Angefaulu, ungebaki na hatia bila tarehe, na bila tarehe hata mimi nisingekutoa hapo ulipokuwa. Chukua gundi ubandike pale palipopasuka, leo.

Sasa fanya ninavyokuambia. Kaburini usiungame chochote. Pale ni mahali pa mama yao, si mahali pa kumshtua rafiki yako mbele ya washirika wa kanisa. Jumapili hii asubuhi nenda kwa Nyanchoka peke yako, na daftari mkononi. Anza na sifuri. Usianze na chinsaga, ukianza na utetezi hatasikia mengine. Mwambie, "Nilimsikia mzee akikohoa, sikuuliza, nikaandika sifuri, na miaka yote nimeogopa kukuambia." Kisha funga mdomo. Akilia, alie. Akikufokea, umestahili kidogo, vumilia. Akimaliza ndipo umsimulie siku ya tarehe saba na mpange tarehe pamoja.

Halafu muulize yeye anakumbuka nini cha wiki ile. Muulize kweli, kwa upole, na ungoje jibu. Alikuwa akiishi na mama mgonjwa, Mokeira. Unadhani ni wewe peke yako uliyelala na hesabu kifuani? Huenda anajilaumu kwa siku aliyochelewa kumpeleka, au kwa safari aliyomtuma, au kwa kikombe alichosahau kuosha. Nakuhakikishia hakuna binti aliyefiwa mwezi ule asiye na sifuri yake mahali fulani. Ulipaswa kumfikia mapema, na kwa kujificha umemwacha na yake peke yake.

Ukirudi nyumbani tandaza ule mlima mezani. Kwa kalamu ya rangi nyingine weka kitone cha Mama Kemuma mahali pake, wiki ya tarehe saba, na chini uandike, "Siku aliyoanza kuugua." Kisha fungua mstari wa boma la mzee. Sifuri usiifute. Pitisha mstari mmoja juu yake, na pembeni uandike neno moja, "Sikuuliza."

Litazame hilo neno. Kosa lako lote linaishia hapo, na wewe umelibeba miaka yote ukilisoma "niliua."

Siku ya jiwe nenda, vaa vizuri, na ukiitwa uongee simulia vile mama alivyokula chinsaga chungu akalaumu mbegu za dukani. Watu wacheke kidogo, yeye mwenyewe alicheka. Na chakula cha siku hiyo upike wewe, sufuria kubwa, bila tone la maziwa. Sahani ya Mzee Ogoti mpe mama mkwe ampelekee, chinsoni iko pale pale. Ila mzee akikohoa, safari hii mtu amuulize.

Mama Persis